Valvu kung'aa sana si dalili ya afya

Kwa mafundi wa televisheni za kale hapa Kampala utasikia kwamba valvu, yaani kile kichupa cha kioo kisicho na hewa ndani ya seti, ikiwaka rangi ya chungwa kali, picha itatulia. Sivyo. Mng'ao huo unaila valvu yenyewe, na valvu nzuri siku hizi ni za kutafuta kwa tochi.

Ndani yake kuna kathodi iliyopakwa oksidi inayotoa elektroni ikipata joto la filamenti, waya mwembamba unaowaka. Joto likizidi, oksidi hugeuka mvuke kidogo kidogo na valvu huchoka mapema. Valvu ya filamenti ya volti 6.3 kwa kawaida huvumilia asilimia 10 juu au chini, yaani 5.7 hadi 6.9.

Umeme wetu ni volti 240. Transfoma iliyosukwa kwa 220 itapeleka karibu 6.9 kwenye filamenti. Umeme ukipanda hadi 250, unafika 7.2. Pima seti ikiwa imewaka na valvu zote zimo, maana transfoma isiyo na mzigo husoma juu.

Wengi huweka rezista kwenye waya wa filamenti: kwa ampea 3, omu 0.2 hushusha volti 0.6. Inasaidia, lakini volti kubwa za anodi, sehemu inayopokea elektroni, hubaki juu vilevile. Mimi hutumia transfoma ndogo ya volti 20, sekondari yake (koili ya kutolea umeme) ikiungwa mfululizo na umeme wa ukutani, ila kwa mwelekeo wa kinyume ili volti zake zitolewe. Hapo 240 inakuwa 220, na kila kitu ndani ya seti kinashuka pamoja. Ukiigeuza vibaya utapata 260, kwa hiyo pima kabla ya kuchomeka seti.