Tiba mtandao Kigoma: maswali kuhusu kutibiwa kwa simu

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni iko Kigoma mjini. Mtu wa Kalya au Buhingu, kusini mwa mwambao wa Ziwa Tanganyika, ana safari ndefu kuifikia, na kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, waliko mabingwa wengi, ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kwa watu walio mbali namna hii, tiba mtandao inaweza kuokoa maisha.

Tiba mtandao ndiyo kumpigia daktari simu?

Hiyo ni njia mojawapo. Nyingine ni kuonana kwa video. Nyingine ni kutuma picha na majibu ya vipimo, bingwa akavisoma baadaye: eksirei ya kidijitali inapigwa mkoani, inasomwa na bingwa aliye Muhimbili, hospitali ya taifa iliyoko Dar es Salaam. Mimi naiona hii ya kutuma picha kuwa inatufaa zaidi, kwa sababu mtandao ukikatika saa nzima kazi haiharibiki.

Kwa madaktari imebadilisha nini?

Mengi. Zamani mganga wa zahanati akikwama alikuwa na mawili: ajaribu mwenyewe au aandike rufaa. Sasa anaweza kuuliza. Anaeleza alichokiona, bingwa anamuuliza maswali, wanaamua pamoja. Wapo wagonjwa ambao safari yao inafutwa, wakatibiwa hapo hapo kijijini. Anayelazimika kwenda anaondoka mapema, ameshaanzishiwa dawa, na wanaompokea wanajua anakuja na tatizo gani. Mganga naye anajifunza. Akija mwingine mwenye tatizo kama hilo, atajua pa kuanzia.

Lakini kazi imeongezeka. Bingwa ana foleni mlangoni na foleni nyingine kwenye simu. Uongozi wa hospitali usipoitengea hiyo ya pili muda kwenye ratiba, ujumbe utalala bila kujibiwa na mgonjwa ataendelea kuumwa. Tena bingwa aliye mbali hawezi kuminya tumbo wala kusikiliza mapafu. Anategemea mikono ya aliye karibu. Ndiyo maana nasisitiza: tiba mtandao iliyo salama kwetu ni ile inayomkuta mgonjwa zahanati, nesi au mganga akiwa pembeni yake.

Mwanangu ana homa. Naweza kuandikiwa dawa kwa simu?

Hapana, mama, mpeleke akapimwe. Malaria na nimonia zote zinaweza kuanza kwa homa, na kwa maelezo ya simu ni rahisi kuzichanganya. Kipimo cha haraka cha malaria kinataka tone la damu kidoleni. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, usingoje kukuche.

Na mjamzito?

Akitokwa damu, akiumwa sana kichwa, akiona maluweluwe, akipata degedege, au mtoto akiacha kucheza tumboni, piga 115 bure. Ni namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga.

Baba ana presha. Lazima aende kliniki kila mara kwa ajili ya kupimwa tu?

Hapa simu inasaidia kweli, kama presha imeshatulia na mna mashine ya kufunga juu ya kiwiko. Apumzike dakika 5, aegemee kiti, miguu ikanyage chini, mkono uwe usawa wa moyo. Apime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, aandike daftarini, kisha namba zitumwe kwa daktari wake. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 au kupita, daktari anapaswa kujua. Asiongeze wala kuacha dawa mwenyewe, na kliniki asiikimbie kabisa, maana figo na macho havipimwi kwa simu.

Nikitaka kutuma picha ya upele?

Futa kioo cha kamera, toka nje kwenye mwanga wa mchana. Piga ya mbali ionyeshe sehemu ya mwili, kisha ya karibu, ukiweka sarafu pembeni ionyeshe ukubwa. Andika ulianza lini na umepaka nini.

Nina kitochi tu.

Kinatosha kupiga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Ni bure.

Nitajuaje anayenihudumia ni daktari kweli, na siri yangu iko salama?

Muulize jina kamili na namba yake ya usajili katika Baraza la Madaktari Tanganyika. Wa kweli hatakasirika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo picha yako haipaswi kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na una haki ya kuuliza nani mwingine ataiona. Mtu anayekutumia bei ya dawa kabla hajakuuliza umri, mzio, dawa unazotumia au kama una mimba, mkatie simu.