Mgonjwa wa homa hatolewi damu: maswali na majibu, pamoja na yaliyowapata wagonjwa wa Paris

Maswali haya nayasikia karibu kila wiki katika wodi ya watoto, kutoka kwa kina mama, kina bibi na kina baba wadogo wanaotuletea mgonjwa mwenye chale mbichi kifuani. Nimeyajibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Safari hii nayajibu kwa maandishi. Na kwa kuwa wengi huniambia "hiyo ni tiba ya tangu enzi, hata Ulaya ilikuwepo", nitawapeleka hukohuko Ulaya, katika hospitali za mwanzoni mwa karne ya 19, tuone wagonjwa walifanywa nini.

Kutoa damu kunakozungumzwa hapa ni kupi?

Ni kumpunguza mgonjwa damu kwa makusudi ukitarajia ugonjwa utoke nayo. Kwetu ni chale za wembe, au chuku ya pembe, na siku hizi vikombe vya plastiki. Ulaya walitoboa mshipa kwenye kunjo la mkono na kukinga damu kwa bakuli, au walimbandika mgonjwa miruba, minyoo ya majini inayonyonya damu. Vifaa ni tofauti, dhana ni ileile: kuna "damu chafu" ndani, ikitoka mtu atapoa.

Ni kweli hospitali za Ulaya zilifanya hivyo?

Ni kweli, tena bila huruma. Paris ya wakati ule ndiko madaktari vijana wa Ulaya na Marekani walikokimbilia kusoma. Katika hospitali ya kijeshi ya Val-de-Grâce alikuwepo François Broussais, aliyewahi kuwa daktari katika jeshi la Napoleon. Yeye alifundisha kwamba karibu kila ugonjwa chanzo chake ni uvimbe wa ndani, hasa wa tumbo na matumbo. Tiba yake ilikuwa mambo mawili: miruba kwa makumi juu ya tumbo, na kumnyima mgonjwa chakula. Mafundisho hayo yalienea mpaka miruba ya mabwawa ya Ufaransa haikutosha. Mwaka 1833 peke yake nchi ile iliagiza zaidi ya miruba milioni 40 kutoka nje.

Nani alilazwa humo? Vibarua, watumishi wa majumbani, mafundi, wajane. Tajiri alitibiwa nyumbani kwake. Maskini aliingia wodini, hakuulizwa anataka nini, na akifa bila ndugu wa kumchukua, maiti yake ilikwenda kwenye meza ya kupasuliwa ili wanafunzi wajifunze. Watu waliogopa hospitali, na kwa wakati ule sioni kama walikosea.

Ajabu ni kwamba madaktari hao walijua kutambua ugonjwa. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker, René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akaliweka kifuani mwa mwanamke mgonjwa na kuusikiliza moyo wake. Kifaa ninachokivaa shingoni kila siku asili yake ni hilo bomba. Kwa kifaa hicho waliweza kusikia nimonia ndani ya pafu na kusema iko upande gani. Kisha, baada ya kuisikia vizuri, wakamtoa mgonjwa damu.

Basi wagonjwa hao walipona au hawakupona?

Hapa nakuomba usome polepole, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Alikuwepo daktari mwingine Paris, Pierre Louis. Alikuwa amefanya kazi Urusi, akarudi, akaamua kukaa wodini katika hospitali ya La Charité kwa miaka kadhaa akiandika habari za kila mgonjwa: aliingia siku gani ya ugonjwa, alitolewa damu lini, mara ngapi, alipona au alikufa. Hakutaka kusikia "mimi kwa uzoefu wangu". Alitaka hesabu. Mwaka 1828 alichapisha matokeo, na mwaka 1835 akayatoa kama kitabu.

Wagonjwa wa nimonia aliowahesabu walikuwa 77, wote watu waliokuwa na afya kabla ya kuugua, na wote walitolewa damu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwacha mgonjwa bila kumtoa. Tofauti ilikuwa siku. Wagonjwa 41 walitolewa damu ndani ya siku 4 za kwanza za ugonjwa, wakafa 18. Wagonjwa 36 walianza kutolewa baadaye, wakafa 9. Kwa hiyo waliowahiwa walikufa asilimia 44, waliocheleweshwa asilimia 25.

Mtu makini atasema: yule aliyefika siku ya sita alikwisha kuvuka siku mbaya, kwa hiyo kundi lile lilikuwa na nguvu tangu mwanzo. Sawa, hoja ina uzito. Lakini walimu wote walisema kwamba ukiwahi kumtoa damu mgonjwa wa nimonia unaukata ugonjwa shina. Hesabu ya Louis haikuonyesha shina lililokatwa. Ilionyesha maiti 18 katika watu 41.

Na mwaka 1828 mgonjwa wa nimonia aliyechelewa kufikishwa kwa daktari huenda alikuwa na bahati. Leo ni kinyume kabisa. Leo tunayo amoksilini, tunayo oksijeni, na dawa hizi hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema. Mtu wa leo anayekaa nyumbani siku tatu akichanja chale anamrudisha mtoto wake kwenye wodi ya 1828, na bahati ya mchelewaji wa wakati ule haimo tena.

Lakini mimi niliona kwa macho yangu: alitolewa damu na homa ikashuka.

Sikukatalii. Mtu akipoteza damu, presha hushuka, ngozi inapoa, jasho jembamba linatoka, anatulia na kusinzia. Ndugu wanasema "amepata nafuu". Sisi tukimwona hali hiyo tunaita wenzetu waje mbio, maana mwili unakaribia kuzirai. Utulivu huo si nafuu.

Pili, magonjwa mengi hupoa yenyewe. Mafua yangeisha tu, chale zikapewa sifa. Na tatu, aliyepona ndiye anayesimulia. Aliyekufa hana wa kumtetea, na husemwa kwamba siku zake zilifika. Louis mwenyewe aliona kwamba waliotolewa damu mapema kisha wakapona, ugonjwa wao uliisha siku kama tatu mapema kuliko wa waliocheleweshwa. Ukiwasikiliza waliopona peke yao ungesema tiba ni nzuri. Ndiyo maana alihesabu na waliokufa.

Ikiwa ushahidi ulikuwepo, kwa nini madaktari hawakuacha mara moja?

Mazoea na heshima. Kutoa damu kulikuwa kumefundishwa tangu zama za Wagiriki. Ni mwanafunzi gani angemwambia profesa kwamba anaua? Hata Louis hakuacha kabisa; alisema tu kwamba faida yake ni ndogo kuliko inavyodaiwa. Ilichukua miongo mingine mingi. Daktari msomi wa Paris alikuwa mgumu kuelewa, kwa hiyo siwezi kumcheka bibi wa kijijini. Ila bibi wa leo ana zahanati jirani. Mgonjwa wa Paris hakuwa nayo.

Na mtu anayeharisha na kutapika sana? Wapo wanaosema damu imekuwa nzito, ipunguzwe.

Hapana, hapana, hapana.

Kipindupindu kilipoingia Paris mwaka 1832 kiliua zaidi ya watu 18,000. Damu ya wagonjwa ilikuwa nzito kweli, nyeusi, kwa sababu maji yote yalikuwa yametoka kwa kuhara. Broussais akawabandika miruba na kuwanyima chakula. Waziri mkuu wa Ufaransa, Casimir Périer, alitibiwa na Broussais huyohuyo, akafa mwezi Mei. Kumpunguzia damu mtu aliyekauka ni kutoboa mtungi unaovuja ukidhani utaacha kuvuja.

Mwaka huohuo wa 1832, katika mji wa Leith huko Uskochi, daktari Thomas Latta alifanya kinyume: aliingiza maji yenye chumvi ndani ya mshipa wa mwanamke mzee aliyekuwa anakata roho. Macho yakarudi uhai, mapigo ya moyo yakarudi. Mama yule alikufa saa chache baadaye, kwa kuwa kuhara kuliendelea na hakuongezewa tena maji, lakini baadhi ya waliofuata walipona. Hiyo ndiyo dripu. Madaktari wengi wa wakati wake waliipuuza kwa miaka mingi. Wewe usiipuuze: anayeharisha apewe maji ya chumvi chumvi ya pakiti tangu choo cha kwanza cha maji, aendelee kunyonya na kula, na akilegea au macho yakididimia aletwe usiku huohuo.

Hijama ni sunna. Unatukataza?

Sijasema neno juu ya dini ya mtu, wala siwezi. Mtu mzima mwenye afya, aliyepimwa wingi wa damu, akifanyiwa kwa kifaa kipya kisichotumika kwa mwingine, hilo ni jambo lake na tunaweza kulizungumza siku nyingine. Mimi nazungumzia mgonjwa. Mwenye homa, mtoto mchanga, mjamzito, mwenye selimundu, anayehema, anayeharisha: huyo asiguswe na wembe. Mafundi wa hijama waungwana ninaowafahamu wanamrudisha mtu wa namna hiyo mlangoni na kumwambia aende hospitali kwanza. Ukimpata anayemkubali, ondoka hapo.

Mbona hospitali nanyi mnatoa damu?

Za vipimo ni mililita chache tu. Kwa mchangiaji ni kama mililita 450, naye ni mtu mzima mzima wa afya, mwenye damu kama lita 5, aliyepimwa kabla ya sindano kuingia. Mtoto wa kilo 10 damu yake yote ni kama mililita 800. Pima mwenyewe kwenye chupa za soda uone ni kidogo kiasi gani. Sasa huyo mtoto ana malaria, ambayo inavunja chembe nyekundu za damu kila siku, halafu mtu mzima anamkata na kusema anamwondolea damu chafu. Anamwondolea damu aliyobaki nayo. Kisha sisi tunahangaika kutafuta chupa ya kumwongezea, na benki ya damu nayo mara nyingi haina kundi lake.

Mwanangu ana homa, anakohoa na kuhema. Mama mkwe anasema ni kichomi, tumchanje kifua kwanza, asubuhi ndiyo twende hospitali. Nifanyeje?

Usisubiri asubuhi. Mlete sasa hivi.

Mama mkwe mwambie kwa adabu: "Mama, shikamoo, naomba tuende wote." Akija mwenyewe atasikia kwa masikio yake, na nyumba haitavunjika. Lakini mtoto asichanjwe.

Hesabu pumzi zake akiwa ametulia, halii, hanyonyi. Funua tumbo na kifua, tazama vinavyopanda, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60, wa miezi 2 mpaka 11 akifika 50, wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40, hiyo ni haraka mno na huenda ni nimonia. Kama kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, kama hawezi kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege au amelegea haamki, usihesabu hata hizo pumzi. Kamata bodaboda.

Narudia kwa wanaosoma haraka. Je, nimchanje kwanza halafu nimlete? Hapana. Nimpige chuku kidogo tu mgongoni wakati tunatafuta nauli? Hapana. Kama homa ni ya siku moja tu? Hapana, na siku ya kwanza ndiyo nzuri zaidi ya kumleta. Bibi yangu alichanjwa hivyo na akaishi miaka tisini? Namshukuru Mungu kwa ajili ya bibi, na jibu bado ni hapana.

Tumeshamchanja jana, hali imekuwa mbaya, tunaona aibu kuja. Mtatugombeza.

Njooni. Usimvalishe fulana mbili kuficha chale. Tutamvua tu, na muda utakuwa umepotea. Tutakachouliza ni alichanjwa saa ngapi, damu ilitoka kiasi gani, wembe ulikuwa mpya au umetumika kwa mwingine, na kama kuna dawa ya majani aliyopakwa au kunyweshwa. Tutampima wingi wa damu na malaria, tutasikiliza kifua, na tutaanza dawa. Chukueni kadi ya kliniki ili tuone kama chanjo zake za pepopunda zimekamilika. Aje na ndugu mmoja au wawili wenye afya, kwa sababu akihitaji kuongezewa damu tutaomba wachangie. Na akitokea mtu mapokezini wa kuwasema kwa ukali, muulizeni muuguzi wa zamu, awapitishe moja kwa moja.