Acheni kuililia Lady in Satin, isikilizeni

Nimeambiwa tena wiki hii, na safari hii na mtu anayeimba vizuri kabisa: "Lady in Satin ni rekodi ya mtu anayekata roho, sauti ilishaisha." Nafundisha kuimba, na kauli hii naisikia karibu kila nikitaja albamu hii ya Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani. Wengine huisema kwa dharau, wengine kwa huruma. Yenye huruma ndiyo inayonichosha zaidi. Mwenye dharau amezima muziki na kwenda zake, lakini mwenye huruma anabaki dakika 44 nzima akisikiliza ugonjwa, kisha anasema ameisikiliza albamu.

Tuanze na tarehe, maana nusu ya upotofu iko hapo. Billie Holiday alizaliwa tarehe 7 Aprili 1915. Lady in Satin ilirekodiwa Februari 1958, kwa vikao vitatu vya usiku, kwenye studio ya kampuni ya rekodi ya Columbia ya mtaa wa 30 jijini New York, jengo lililokuwa kanisa. Alikuwa na miaka 42. Alifariki tarehe 17 Julai 1959, yaani miezi 17 baadaye. Katikati hapo, Machi 1959, aliingia tena studio na mpangaji yuleyule wa muziki, Ray Ellis, akarekodi albamu nyingine kwa kampuni ya MGM. Kwa hiyo hii si albamu yake ya mwisho, na hakuna mtu aliyekuwa akikata roho mbele ya maikrofoni.

Sasa fidla. Inasemwa kwamba Columbia walimfunika mama wa watu na orkestra ya watu kama 40 ili kuficha koo lililochoka. Ni kinyume chake. Yeye ndiye aliyemtaka Ellis, baada ya kusikia albamu yake ya ala iitwayo Ellis in Wonderland. Na fidla hazifichi kitu. Yeyote aliyewahi kuimba juu ya fidla zinazoshikilia noti ndefu anajua kwamba hapo huna pa kujificha. Noti ikishikiliwa bila kutikisika chini yako ni kama sakafu iliyopigwa pima maji: ukishuka kidogo tu, kila mtu anaona. Bendi ndogo ya saksafoni na piano ingemsitiri zaidi, kwa sababu kila mpigo una kelele zake na kila mpuliza saksafoni anajaza nafasi.

Kuna jambo jingine ambalo fidla zinalifanya, na sijaona likielezwa vya kutosha. Piano ikigonga, imeshakwambia pigo liko wapi. Fidla iliyovutwa polepole haikwambii. Inaanza bila kona, kama maji kupanda. Mwimbaji anabaki huru kuamua neno lake litue wapi. Kwa mtu ambaye ufundi wake wote ulikuwa wa wakati, huo ni uwanja mpana kuliko aliowahi kupewa. Na bado chini kabisa kuna watu wanaoshika saa: Milt Hinton kwenye besi, Osie Johnson kwenye dramu, Barry Galbraith kwenye gitaa, na Mal Waldron, mpiga piano wake wa kawaida tangu 1957. Washikeni hao wanne sikioni. Nitamrudia Hinton.

Niende kwenye sauti yenyewe, maana hapa ndipo hoja inapovunjika kabisa. Tarehe 8 Desemba 1957 Billie Holiday aliimba Fine and Mellow kwenye kipindi cha televisheni cha CBS, The Sound of Jazz, akiwa na wapuliza saksafoni Lester Young, Ben Webster na Coleman Hawkins, na wengine. Video ile watu wanatumiana mpaka leo na kuisifu: tazama anavyotikisa kichwa, tazama anavyotabasamu Lester akipuliza. Hakuna anayesema sauti imeisha. Kati ya siku ile na vikao vya Lady in Satin ni wiki kama 10 tu. Koo ni lilelile! Ukwaruzi ni uleule, pumzi ni ileile fupi. Kilichobadilika ni mwendo, aina ya nyimbo, na hizo fidla. Kama sauti ilikuwa hai Desemba, mtu anieleze ilikufa siku gani kabla ya Februari.

Tena, sauti ya Billie Holiday haikuwahi kuwa kubwa. Sikiliza rekodi za 1935 na kundi la mpiga piano Teddy Wilson: binti wa miaka 20, sauti angavu kama kikombe cha bati, lakini ngazi zake ni oktava moja, yaani noti nane, na ziada kidogo. Hakuwa mtu wa kupaa. Kile ambacho watu wanadhani amepoteza, hakuwa nacho tangu mwanzo. Alichopoteza kweli ni vitu vitatu. Wangavu wa noti za juu umekwenda. Pumzi ndefu imekwenda, kwa sababu nyuzi za koo zilizokakamaa hazifungi sawasawa, hewa inavuja pembeni, na akiba ya mstari mzima inaisha katikati. Na noti za kushikilia haziko imara. Mwishoni zinatetemeka haraka au zinaanguka.

Alichobaki nacho ni vyote vilivyomfanya Billie Holiday. Ila hakubaki navyo kama mtu aliyehifadhi vitu kabatini. Upungufu ule ulimlazimisha kuvitumia upya, na hapa naomba msomaji asiharakishe.

Chukua hiyo pumzi fupi. Mwimbaji wa kawaida akikosa pumzi hukata mstari pale mtunzi alipoweka koma. Kwa lugha ya washairi wetu, anakata kwenye mpaka wa ukwapi na utao, yaani kati ya nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, mahali halali. Yeye mara nyingi hakati hapo. Anakata ndani ya kipande, kabla ya neno ambalo sikio lilikuwa tayari kulipokea, kisha analiacha hilo neno liingie peke yake. Matokeo yake ni kwamba maneno ya mapenzi yaliyochoka kwa kuimbwa na kila mtu yanasikika kama mtu anayetafuta la kusema na kulipata sasa hivi. Pumzi ndiyo iliyomlazimisha kukata. Mahali pa kukata alichagua mwenyewe. Ndiyo maana nakataa neno "udhaifu" likitajwa peke yake.

Sisi tuna neno zuri kwa hili kuliko wakosoaji wengi wa jazi: kughani. Anayeghani hayuko kwenye mazungumzo wala hajaingia kwenye wimbo kamili. Yuko njiani kati ya viwili hivyo, na anaweza kusogea upande wowote ndani ya mshororo mmoja. Lady in Satin karibu yote imeghaniwa. Watu wanaojua hilo masikioni mwao, wanaomsifu Bi Kidude kwa mkwaruzo wake wa uzeeni na kusema sauti ile imebeba umri, ndio haohao wanaoniambia Billie Holiday alipaswa kuacha kurekodi akiwa na miaka 42. Sielewi kipimo hicho.

Jinsi ya kuisikiliza, basi.

Usitumie spika ya simu. Hili silisemi kwa majivuno ya vifaa. Spika ya simu haitoi noti za chini. Besi ya Hinton inatoweka, au inabaki mlio wa kidole kwenye waya. Bila besi hujui pigo liko wapi, na bila kujua pigo hujui kwamba anavuta maneno nyuma ya pigo makusudi. Unasikia fidla zinazoelea na sauti inayoelea, unahitimisha kwamba mama amepotea. Nina hakika malalamiko mengi juu ya albamu hii yanatoka kwenye simu iliyolazwa mezani. Hedifoni za bei ya kawaida zinatosha. Zima kiongeza besi, maana kinavimbisha sauti yake ya chini na kuitia ukungu. Zima pia mchanganyo wa nyimbo (shuffle). Mpangilio una maana, na upande A wa santuri, nyimbo sita, hauzidi dakika 20 na kitu.

Kama unaweza kuchagua, chukua kwanza toleo la mono, ambalo sauti zote ziko kwenye mkondo mmoja. Kwenye stereo fidla zinatandazwa kulia na kushoto, na sauti inabaki katikati kama mtu aliyesimama uwanjani. Mono inamweka ndani ya orkestra. Kuna na sababu ya kihistoria: santuri ya stereo ya mwanzo ilikuwa na nyimbo 11 tu. Wa 12, The End of a Love Affair, ulikuwa kwenye mono peke yake, kwa kuwa orkestra ilirekodiwa kwanza na yeye akaweka sauti baadaye. CD ya 1997 iliurudisha kwa stereo, pamoja na kipande kirefu kinachoonyesha jinsi ulivyojengwa.

Sasa weka wimbo wa kwanza, I'm a Fool to Want You. Mstari wa kwanza na wa pili una maneno yaleyale, ambayo ndiyo jina la wimbo. Mara ya kwanza usimsikilize yeye kabisa. Gonga mguu na besi mpaka mguu uende wenyewe. Rudisha mwanzo. Mguu ukiendelea, piga kofi kila anapoanza mstari. Utaona kofi na mguu havikutani. Rudisha tena, na safari hii linganisha mistari ile miwili tu: neno la mwisho linatua wapi, linakatwa au linaachwa lianguke, na pumzi imeingia wapi. Fanya mara tano. Ni kazi ya dakika chache na inafundisha kuliko maelezo yangu yote.

Halafu jaribu kuimba naye. Wanaojaribu hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza anaanza pamoja na fidla, anafika mbele yake, kisha anasimama kumsubiri. Wa pili amesikia kwamba anachelewa, basi naye anachelewa kila mahali, na wimbo unalegea kama kamba ya nguo. Kuchelewa kwake ni deni, na analilipa ndani ya mshororo uleule. Anaanza nyuma, anasukuma maneno ya katikati karibu kwa kasi ya mazungumzo, na neno lenye uzito linafika kabla fidla hazijahamia kwenye noti nyingine. Asiyelipa deni hajavuta mdundo, amechelewa tu.

Ukitaka kuthibitisha kwamba hili si bahati, usilinganishe albamu hii na nyimbo zake za 1937. Nyimbo zote 12 humu hakuwahi kuzirekodi kabla, kwa hiyo utakuwa unalinganisha wimbo na wimbo mwingine huku ukidai unalinganisha sauti. Tumia God Bless the Child: aliurekodi 1941, akaurudia 1956. Wimbo mmoja, koo mbili. Pale utasikia wazi kilichopungua kooni, na utasikia pia kwamba saa ya ndani haikupungua hata chembe.

Yapo yanayonitia shaka na siwezi kuyafunika. Kwaya ya kike isiyo na maneno, katika nyimbo zile inamoingia, inaweka sukari mahali ambapo kinubi na fidla vilishaweka ya kutosha. The End of a Love Affair nauona dhaifu kuliko nyingine. Anausoma wimbo, hajauzoea, na deni la mishororo kadhaa halilipwi. Kuna noti ambazo yuko chini yake waziwazi, na siwezi kumwambia mwanafunzi kwamba kila moja alikusudia. Zaidi ya hapo, sijui kama ningeisikia hivi kama sijui kwamba miezi 17 baadaye alikufa. Najitahidi kuisahau tarehe hiyo kila ninapoiweka, na sifaulu kila mara.

Lakini angalia pia yaliyompata Ellis. Alitoka studio hajaridhika. Alikuwa akisikiliza kama mwanamuziki aliyeandika noti na kutaka ziimbwe. Ni baadaye, aliposikiliza kanda wakati wa kuchanganya sauti, ndipo alipoona kwamba alikuwa akipima kitu kisichostahili kupimwa kwanza. Mtu aliyeandika kila noti ya fidla alihitaji kusikiliza mara ya pili, na sisi tunahukumu kwa mara moja, simu ikiwa mezani.

Upande B anza na You've Changed, na usipige kofi tena. Shika miisho tu: kila mwisho wa mshororo, noti inafungwa, inatetemeka au inaanguka? Andika kwenye karatasi, F, T au A. Kisha weka For All We Know kutoka upande A, wimbo mfupi kuliko wote, chini ya dakika tatu, na ufanye vilevile. Linganisha karatasi hizo mbili kabla hujaniandikia kwamba sauti ilishaisha.