Alama 70 Jumatatu, 55 Alhamisi: nani kadanganya?

Dhana: Tathmini mbili zikitofautiana, mpimaji mmoja kakosea.

Hii ndiyo inayonichosha. Ndugu wanakuja na karatasi mbili za kipimo cha Barthel, fomu inayoonyesha mzee anajihudumia kiasi gani; alama nyingi ni kujitegemea zaidi. Ya Jumatatu, ya mtaalamu wa fiziotherapia, ina 70 na inasema mzee anavaa, anaoga na kwenda chooni mwenyewe. Ya Alhamisi, ya muuguzi, ina 55 na inasema husaidiwa yote matatu. Kesi inaanza hapo, na mshukiwa karibu kila mara ni muuguzi.

Wote wawili wameandika walichokiona. Mtaalamu alimkuta saa nne asubuhi, dawa ya maumivu imeshafanya kazi, hakuna anayemharakisha. Muuguzi aliandika yanayotokea alfajiri, wagonjwa wengine wakisubiri, na kumvalisha ni haraka kuliko kumngoja afunge vifungo. Mmoja kapima uwezo, mwingine kapima mazoea ya kila siku. Akiwa na Parkinson, ugonjwa unaotetemesha na kukakamaza mwili, hata saa moja kabla au baada ya dawa inatosha kugeuza majibu.

Tena, tukifuata mwongozo, muuguzi ndiye yuko karibu zaidi na kanuni. Barthel, iliyochapishwa 1965, huandika kile mgonjwa anachofanya, si kile anachoweza kufanya. Hata akihitaji mtu wa kusimama kando kwa usalama tu, hahesabiwi kuwa anajitegemea. Hapo ndipo wapimaji wengi huteleza: wanaona hakuguswa, wanampa alama zote.

Lakini msiitupe karatasi ya mtaalamu. Pengo la alama 15 linawaambia kuna kazi tatu mzee anazoziweza ambazo mnamfanyia, na asipozifanya atazipoteza kweli.

Mimi husisitiza mambo matatu yaandikwe juu ya kila fomu: saa, kama miwani na kifaa cha kusikia vilikuwepo, na kama mpimaji aliona kwa macho au aliambiwa. Fomu isiyo na hayo siitegemei.

Dhana: Alama zikishuka 5, hali imezorota.

Tano ni ngazi moja ya kipengele kimoja kati ya 10. Kubadilika kwa mpimaji pekee kunaweza kuleta tofauti hiyo. Apime tena yuleyule, saa ileile. Vikishuka vipengele kadhaa ndani ya siku mbili, hilo ni jambo jingine: tafuteni maambukizi, dawa mpya au mkanganyiko wa ghafla siku hiyohiyo.

Dhana: Wenye jumla sawa wanahitaji huduma sawa.

Mmoja hawezi kupanda ngazi, mwingine hazuii mkojo. Jumla ni ileile, kazi ya zamu ya usiku si ileile. Someni vipengele, jamani.

Dhana: Mwenye demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) hapimiki.

Hapimiki kwa kumuuliza. Mpe kijiko wakati wa chakula, kaa kimya, uangalie.