Fuvu la Kasa Liache Ufuoni, Anza na Mbuzi wa Idi

Kila baada ya wiki chache hutujia mtu ofisini hapa makumbusho ameshika mfuko, na ndani ya mfuko mna fuvu. Safari hii alikuwa kijana wa kidato cha pili, katokea ufuoni Nyali, Mombasa, na kichwa cha kasa kilichokwisha kukaushwa na jua. "Shikamoo mwalimu. Nataka kukisafisha nikiweke mezani." Marahaba, nikamwambia, lakini kwanza kiweke hapo chini, mwanangu, tuzungumze sheria.

Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inauhesabu mfupa wa mnyama wa mwituni kuwa nyara. Wengi hudhani nyara ni pembe za ndovu na faru peke yake. Sivyo. Ni mfupa, jino, ukucha, unyoya, kwato na ngozi, hata kama vimechongwa au kupakwa rangi, alimradi vinatambulikana. Kuwa navyo bila kibali ni kosa lenye adhabu ya faini kubwa, au kifungo, au vyote viwili. Watu hunijibu, "Lakini nimeokota tu, sikuua." Nawaamini. Ila askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, akiutazama mfupa mweupe hana namna ya kujua kama mnyama mwenyewe alikufa kwa uzee, kwa wavu au kwa mtego. Lau kuokota kungekuwa halali, kila jangili angejiita muokotaji.

Kwa hiyo kasa, pomboo, nguva, kima au digidigi, ukimkuta amekufa, mwache alipo. Piga picha, kumbuka mahali, wajulishe KWS. Makumbusho na vyuo huhifadhi mifupa ya namna hiyo kwa vibali, na ndiyo njia ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta: alipokufa mwaka 1974 mifupa yake ilipelekwa kwenye makumbusho ya Nairobi. Na hata mbali na sheria, mzoga usioujua historia yake una hatari zake. Kimeta, homa ya Bonde la Ufa na kichaa cha mbwa haviandikwi usoni pa mnyama.

Kijana akaanza kukunja uso. Nikamuuliza: nyumbani mnachinja Idi Kubwa?

Mbuzi ni mwalimu mzuri kuliko kasa. Unamjua akitembea, unajua anavyoruka ukuta, na mwili wake umejengwa kwa ramani ile ile ya swala na paa. Shingoni ana pingili 7, idadi ile ile ya twiga, ya pomboo na yako wewe. Mbavu ni jozi 13. Taya la juu halina meno ya mbele, na mguu, kutoka goti la mbele kushuka hadi kwato, una fupa moja refu lililotokana na mawili yaliyoungana. Ukimaliza kuiunga mifupa ya mbuzi mmoja, ukienda hifadhini hutawaona paa kama zamani.

Tatizo la kwanza ni shoka. Mchinjaji wetu hukipasua kichwa kwa ajili ya supu na kuikata miguu popote anapofika. Mwone siku kadhaa kabla, usingoje siku yenyewe ana watu kumi wamemsimamia. Mwambie unataka kichwa kizima, na viungo vitenganishwe kwa kisu penye maungio. Nyama inyofoeni ingali mbichi, muile kama kawaida. Mifupa iliyokwisha kuingia kwenye biriani au supu haifai tena. Kwa mara ya kwanza chukua kichwa peke yake. Asiye na mbuzi aende soko la samaki anunue kichwa cha chewa, ingawa nakuonya, fuvu la samaki ni vipande kadhaa vilivyopangana, na huachana vyote. Mimi lilinichukua mwezi mzima, na bado kuna kipande kimoja sijui kwao.

Kabla ya kukata chochote piga picha kila upande. Kisha, kama umechukua na miguu, kila mguu uingize kwenye soksi nyembamba ya kike, ufunge, uandike: kulia mbele, kushoto nyuma. Hatua hii watu huipuuza, na ndiyo wanayokuja kuijutia. Vifupa vya kifundo cha mguu wa kulia na wa kushoto vinafanana kama punje za mchele.

Kusafisha kwenyewe hufanywa na bakteria. Wewe unawapa maji, joto na muda. Ulaya wapenzi wa kazi hii hununua vifaa vya kupasha maji ya tangi la samaki ili ndoo ifike nyuzi 30 na zaidi kidogo. Sisi, Kaskazi ikivuma, ndoo iliyo uani hufika hapo bila msaada. Kwa uzoefu wangu kichwa cha mbuzi humaliza baina ya wiki 3 na 5. Msimu wa Kusi ongeza mbili. Chukua ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, zamisha kichwa, tia kivulini, na uiweke upande ambao upepo wa msimu huo hautapeleka harufu kwa jirani. Harufu ni mbaya, sikufichi.

Hapa kwetu shida ni maji. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Chumvi huwachelewesha bakteria, halafu mfupa ukikauka hugeuka chembe ndani ya vitundu vyake na kuubambua juu, kama inavyobambua rangi na chokaa kwenye kuta za nyumba zilizo karibu na bahari. Tumia maji ya mvua, au ya mfereji yaliyokaa wazi siku moja klorini itoke. Kila baada ya siku nne tano mwaga nusu tu, maana waliomo katika nusu inayobaki ndio wafanyakazi wako. Mwagia kwenye chujio, si moja kwa moja chini ya mti. Meno ya mbele hung'oka mapema na ni madogo.

Kifuniko kibane. Mwisho wa mwaka 2017 na mwanzo wa 2018 Mombasa iliugua chikungunya, na hakuna haja ya kuwafugia mbu mahali pengine pa kuzalia. Kibane pia kwa sababu ya kunguru. Niliwahi kuacha taya limeanikwa juu ya paa dakika chache tu. Nusu yake sijaiona mpaka leo.

Na waambie majirani. Nyumba za Mji wa Kale zimeegemeana, na mtu akiona fuvu barazani bila maelezo hatafikiria elimu. Bibi mmoja wa jirani alinikumbusha kwamba mifupa ni chakula cha majini. Nikamfunulia ndoo. Akaziba pua, akasema hiyo hata majini hawaisogelei.

Wenye haraka huchemsha. Mfupa si jiwe: karibu theluthi mbili ya uzito wake ni madini, hasa kalsiamu na fosfeti, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kolajeni, ile nyuzi ambayo kwenye supu ya miguu huyeyuka kisha ikaganda supu ikipoa. Ukichemsha sana unaitoa hiyo, na mafuta unayasukuma ndani. Dawa ya klorini ya kufulia nguo ni mbaya zaidi. Mfupa hutoka mweupe ukapendeza, kisha baada ya miezi unaanza kuacha unga mkononi. Wengine husikia kwamba makumbusho hutumia wadudu, na ni kweli. Ni jamaa ya wale wadudu weusi wanaotafuna ng'onda na dagaa, wenye viluwiluwi vya manyoya. Sisi huwafungia jengo mbali na mikusanyo. Nyumbani usijaribu, watamaliza ng'onda wa mama yako kisha wahamie kwenye ngozi za ngoma.

Nyama ikisha kwisha, mafuta bado. Yamo ndani ya mfupa, na baada ya muda hujitokeza kama doa la manjano lenye kunata vumbi. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo, badilisha yanapotibuka, endelea hata mwezi. Mbuzi hana mafuta mengi, kwa hiyo usikate tamaa. Nyangumi wa buluu aliyetundikwa kwenye jumba la makumbusho la New Bedford, Marekani, tangu mwaka 2000 amekuwa akidondosha mafuta miaka na miaka.

Kung'arisha ni hiari. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, kwenye chombo cha plastiki, siku moja au mbili. Usikifunge kabisa, maana inatoa gesi na chombo hupasuka. Vaa glavu. Ile gamba ya pembe, ambayo hupwaya na kuvuka katika siku za mwanzo za kuloweka, iweke kando. Peroksaidi si yake.

Kuunga ndiko kunakofurahisha. Panga pingili kwa mfuatano mezani, pitisha waya mgumu kwenye tundu la uti wa mgongo, na ukitaka kutoboa tumia keekee yenye ncha nyembamba, taratibu. Kati ya pingili na pingili mnyama hai ana kisahani cha gegedu, na hicho kimekwisha kuoza ndooni. Usipoweka kitu badala yake, mgongo hufupika na mbavu zikasongamana. Kata visahani kutoka kwenye ndara kuukuu za sponji, vya milimita chache, na ubandike kwa gundi. Nimejaribu vingi na sijaona bora kuliko ndara.

Bega ndilo linalowashinda wengi. Mbuzi hana mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, kama wetu, kwa hiyo mguu wa mbele haukushikana na mwili kwa mfupa wowote. Umening'inizwa kwa misuli. Mwanzoni kila mtu hulibandika bega moja kwa moja kwenye mbavu, au hulipandisha hadi mbuzi akawa kama anasema "sijui". Tazama picha zako, tena nenda ukamtazame mbuzi hai akisimama. Ncha ya juu ya bega hukaribia usawa wa mgongo bila kuupita. Halafu kumbuka kilegesambwa, mbele ya goti la nyuma. Ni kidogo, na mara nyingi hubaki kwenye chujio.

Kijana wa Nyali alirudi baada ya miezi mitano na mbuzi wake juu ya ubao wa mwembe, mkia na vyote. Mguu wa mbele wa kulia alikuwa ameuweka kushoto. Tulikaa mpaka adhuhuri tukiubandua.