Picha za Yash Chopra hazina adui

Utotoni kwetu Tanga, mkanda ulikuwa hauingizwi kwenye deki kabla mmoja wetu hajauliza: stelingi nani, adui nani? Ukishajua hayo mawili, picha la Kihindi unalifuata vizuri tu, hata kama Kihindi chako chote ni pyar na dil. Stelingi hafi, adui anapokea kipigo mwishoni, watu wanakwenda kulala.

Siku tulipowekewa Chandni, picha ya mwaka 1989 ya mwongozaji wa India, Yash Chopra, utaratibu huo ulivurugika. Rohit anampenda Chandni, anapanda helikopta ili ammwagie maua ya waridi kutoka juu, anaanguka, anapooza. Chandni anahamia Bombay, anapata kazi kwa tajiri mmoja aitwaye Lalit, na huyo naye anampenda. Tukanong'onezana: ndiye huyu sasa. Tukangoja aonyeshe makucha mpaka mkanda ukaisha. Lalit alikuwa mtu mwema aliyefiwa na mpenzi wake wa kwanza, na mwisho wa picha ndiye aliyeachwa mikono mitupu. Kaka yangu alikasirika kabisa. Alisema picha haina adui, kwa hiyo si picha.

Siku hizi nahariri picha kwa riziki na kufundisha vijana kazi hiyo, na bado naona kaka alishika penyewe bila kujua. Yash Chopra watu humwita mfalme wa mapenzi, halafu wanakutajia theluji ya Uswisi, sari za shifoni zinazopeperuka na sauti ya mwimbaji Lata Mangeshkar. Hayo ni mavazi. Ukiyavua unakuta hadithi ileile kila mara: wawili wanapendana, na pembeni amekaa wa tatu ambaye hana kosa lolote, na ana haki yake.

Alizaliwa Lahore tarehe 27 Septemba 1932, kitinda mimba. Aliyemlea kwa sehemu kubwa ni kaka yake, B. R. Chopra, aliyemzidi miaka 18. Mwaka 1947 India ikagawanywa, Lahore ikawa Pakistan, na familia za Wahindu kama yao zikajikuta upande wa pili wa mpaka. Nyumbani walitaka awe mhandisi. Yeye akaenda Bombay, akawa msaidizi wa I. S. Johar, kisha wa kaka yake, ambaye alikuwa bingwa wa picha zenye hoja za kijamii.

Picha yake ya kwanza, Dhool Ka Phool ya 1959, inamhusu mzee wa Kiislamu anayemwokota mtoto aliyetelekezwa porini na kumlea, hali jamii nzima inauliza mtoto ni wa nani. Ya pili, Dharmputra ya 1961, ina kijana mwenye msimamo mkali wa Kihindu, anayewachukia Waislamu, ambaye anakuja kugundua kuwa wazazi waliomzaa ni Waislamu. Naomba uishike hiyo. Mtu aliyekulia Punjab ya miaka ile, iliyochinjana jirani kwa jirani, anapopewa kamera anamwonyesha adui kuwa ni damu yake mwenyewe. Sidhani kama baada ya hapo aliwahi kurudi kuamini maadui wa sinema moja kwa moja.

Hata Deewaar ya 1975, ambayo wengi wanaikumbuka kwa ngumi za Amitabh Bachchan, ni ndugu wawili: mmoja jambazi, mwingine polisi. Jambazi anajigamba kwa jumba na gari, polisi anamjibu kwamba yeye ana mama. Sifa za maneno yale ni za waandishi, Salim Khan na Javed Akhtar. Lakini huyo aliyeisimamia picha ile mwaka mmoja baadaye alimchukua Amitabh huyohuyo, akamvua hasira, akamfanya mshairi katika Kabhi Kabhie.

Ndani ya Kabhi Kabhie kuna dakika chache ambazo huwaonyesha wanafunzi wangu kila mwaka. Pooja (Rakhee) alimpenda mshairi, lakini wazazi wamemwoza kwa Vijay (Shashi Kapoor). Ni usiku wa harusi. Bwana harusi anayapenda mashairi, kwa hiyo bibi harusi anaimba. Na shairi analoliimba ni lile alilotungiwa na mpenzi wake wa zamani. Mume anamvua vito kimoja kimoja, taratibu, amefurahi, hana habari. Machozi yanamtoka mke. Hapo nani wa kulaumiwa? Mume? Mikono yake ina upole mtupu, na upole huo ndio unaotuumiza sisi tunaotazama.

Sasa niseme kidogo jinsi kazi hii inavyofanyika. Wimbo wa picha za Kihindi unarekodiwa studio kwanza, kisha unapigwa kwa spika mahali pa kupigia picha na waigizaji wanaufuata kwa midomo. Kwa hiyo mhariri anapoupokea, urefu umeshafungwa. Hawezi kusitasita, hawezi kumwongezea mtu sekunde ya kuvuta pumzi. Uhuru anaobaki nao ni mmoja: kuamua nani atazamwe wakati mwingine anaimba. Hapo ndipo Yash Chopra alipoweka hadithi zake, kwenye nyuso za wasioimba.

Mfano mzuri kupita yote ni Silsila ya 1981. Amit anampenda Chandni (siye yule wa 1989, ila jina hili alilipenda). Kaka yake, rubani wa jeshi, anakufa na kumwacha mchumba wake Shobha na mimba. Amit anamwoa Shobha kumsitiri. Chandni anaolewa na daktari. Baadaye wapenzi wanaanza kukutana tena. Wanaocheza ni Amitabh, mkewe wa kweli Jaya, na Rekha, ambaye magazeti ya udaku yalikuwa hayaachi kumtaja pamoja na Amitabh. Kila mtu anakumbuka wimbo uliopigwa Keukenhof, Uholanzi, katikati ya mistari ya maua ya tulipu. Mimi nautaka ule wa Holi.

Ni sikukuu, watu wamepakana rangi, Amit amekunywa kinywaji chenye bangi. Anaimba mwenyewe, sauti ni ya Amitabh, maneno ni ya baba yake mzazi, Harivansh Rai Bachchan. Kadiri wimbo unavyonoga ndivyo anavyomsogelea Chandni, kichwa kinakaribia kulala mapajani, mbele ya kadamnasi. Zima sauti, kisha tazama. Daktari amekaa palepale, tabasamu limemkaukia usoni. Shobha anatazama, anaondoa macho, anatazama tena. Kamera inawarudia hawa wawili, na kila inapowarudia kicheko cha wengine kinazidi kuwa kibaya. Hakuna aliyetamka neno, lakini ndoa mbili zimeshavuliwa nguo hadharani.

Ndiyo maana sikuwasamehe watu wa kituo kimoja cha televisheni walioirusha picha hii wamekata nyimbo ili matangazo yapate nafasi. Kilichobaki kilikuwa kama kesi ya talaka. Nasi watu wa pwani hatuna usafi sana katika hili: tumezichukua nyimbo za Kihindi miaka na miaka, tukazivika maneno yetu kwenye taarabu, nyuso tukaziacha kwenye skrini.

Silsila haikuuza. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwake, picha baada ya picha zilipita bila kishindo, mpaka Chandni ilipomwinua tena. Kashmir, alikokuwa amezoea kupiga nyimbo zake, ilikuwa imeanza kuwaka moto wa maasi, kwa hiyo milima ikawa ya Uswisi, nchi aliyoijua tangu fungate yake na mkewe Pamela. Waswisi hawakumsahau: Interlaken kuna sanamu yake.

Mara moja alitengeneza adui kamili. Katika Darr ya 1993, Shah Rukh Khan anamwandama mwanamke aliyekwisha kuwa na mwenzake, anapiga simu, anavizia, anaua. Stelingi ni Sunny Deol, mwanajeshi, kifua mbele. Watazamaji wakatoka ukumbini wanamlilia Shah Rukh! Na Veer-Zaara ya 2004, ambako rubani wa Kihindi anafungwa miaka 22 Pakistan, ina mtu mbaya wa kweli, yule Raza anayemsingizia kesi. Lakini picha haimpi muda. Muda unakwenda Lahore ileile alikozaliwa mwongozaji, na kwenye tuni za Madan Mohan, aliyekuwa amefariki tangu 1975. Mwanawe ndiye aliyezifufua.

Ukiniuliza ipi niipendayo, ni Lamhe ya 1991, iliyokataliwa India. Viren anampenda mwanamke anayeolewa na mwingine na kufariki. Anaacha binti, na binti anapokua ni sura ya mama yake mtupu, naye anampenda Viren. Safari hii mtu wa tatu ni marehemu. Utamshinda vipi?

Tarehe 27 Septemba 2012, siku alipotimiza miaka 80, Yash Chopra alitangaza kwamba anastaafu, na kwamba Jab Tak Hai Jaan ndiyo ya mwisho. Ilibaki safari ya Uswisi kupiga wimbo mmoja. Akaugua dengi, akafariki tarehe 21 Oktoba, na picha ikatoka tarehe 13 Novemba bila wimbo huo. Humo ndani msichana anamwombea mpenzi wake aliyepata ajali, anaweka nadhiri kanisani: akipona, hatamwona tena. Anapona. Wa tatu, safari hii, ni Mungu, na nadhiri ni deni.