Kuasili mtoto bila kukopa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitafuta mtandaoni gharama ya kuasili mtoto, yaani kumchukua mtoto wa mwingine awe wako kisheria, jibu la kwanza huja kwa dola. Makumi ya maelfu ya dola, mikopo maalumu ya kuasili, familia zinazouza fulana ili kuchangisha. Hayo ni ya Marekani, na huko yana sababu zake: mashirika ya binafsi yana ada nzito, mawakili ni wengi, na mara nyingi wanaoasili hubeba hata gharama za mama mjamzito. Huko pia serikali hupunguza makali kupitia kodi. Kwa mwaka wa 2025 nafuu hiyo iliwekwa hadi dola 17,280 kwa mtoto mmoja. Sasa mtu wa Kakamega anasoma hesabu hizo, anazigeuza kuwa shilingi, na ama anakata tamaa ama anaanza kuulizia mkopo. Hesabu ya hapa kwetu Kenya ni nyingine kabisa.

"Kuasili ni kwa Wazungu na matajiri"

Serikali ilisimamisha uasili wa watoto wa Kenya kwenda nje Novemba 2014. Kwa hiyo ile picha ya Mzungu akitoka na mtoto uwanja wa ndege ni ya zamani. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25, amzidi mtoto kwa angalau miaka 21, na awe hajafika 65. Haitaji kiwango cha mshahara.

Shirika la kuasili linalokuchunguza linataka kuona nyumba inayokalika, afya yako, cheti cha polisi cha tabia njema (Sh1,050 kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali) na riziki isiyoyumba. Chukua mfano wa mama muuza mitumba pale Kibuye, Kisumu. Taarifa yake ya M-Pesa ni mistari ya mia mbili, mia tano, elfu moja na mia mbili, kila siku, na Jumapili, siku kuu ya soko, ukurasa unajaa. Kodi ya nyumba inatoka tarehe tano, mchango wa chama cha akiba kila Jumatano. Mweke kando ya mwenye mshahara wa laki ambaye kufikia tarehe kumi ameshaingia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na mwisho wa mwezi deni linaumeza mshahara kabla hajanunua unga. Mimi ningekuwa ndiye mchunguzi, ningelala usingizi mzuri zaidi mtoto akiwa kwa yule mama. Ndiyo maana kukopa ili uonekane una uwezo ni kujimaliza mwenyewe: mkopo wenyewe unabaki umeandikwa kwenye zile karatasi unazopeleka.

"Lazima uwe na pesa zote mkononi kabla ya kuanza"

Hii ndiyo dhana inayowapeleka watu kwenye mikopo, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Kuasili kunaenda kwa hatua, na hatua hizo ni za polepole. Kwanza shirika lililosajiliwa linapokea maombi yako na kukutembelea nyumbani. Ukikubaliwa, unangoja mtoto ambaye limeshamtangaza kuwa huru kuasiliwa. Mtoto aliyeokotwa, kwa mfano, hufanyiwa uchunguzi wa polisi kwanza kuona kama ana jamaa. Mtoto akishakuja kwako, unamlea kwa miezi mitatu mfululizo kabla ya kupeleka maombi mahakamani. Kisha ndipo wakili anaingia, mahakama inateua mtu wa kuangalia maslahi ya mtoto, afisa wa watoto anaandika ripoti, na jaji anasikiza. Mara nyingi safari nzima inapita mwaka.

Wengi huulalamikia urefu huu. Mimi nauona kama kipindi cha kuweka akiba ambacho sheria imekupa bure. Anayeweka Sh3,000 kila mwezi kuanzia siku aliyochukua fomu, baada ya miezi 18 ana Sh54,000, na hakuna aliyemdai riba. Muhimu ni kujua kila hatua inalipiwa nini. Liombe shirika orodha ya ada zake kwa maandishi, siku ya kwanza kabisa. Uliza kipi kinalipwa sasa, kipi baada ya uchunguzi, kipi mtoto akishapatikana, na kama kuna kinachorudishwa usipofaulu. Ada hutofautiana kati ya shirika na shirika, kwa hiyo uliza zaidi ya moja. Lipa kwa akaunti au paybill yenye jina la shirika, usitume kwa namba ya mfanyakazi, hata kama ni mcheshi namna gani na amekuahidi risiti kesho.

"Ukiwa na haraka, kuna mtu anayeweza kukusaidia"

Huyo mtu yupo kila mji. Nakuru yuko, Kisumu yuko, Bungoma hakosekani. Anamjua muuguzi fulani, au anamjua msichana aliyepata mimba na hataki mtoto. Anachotaka ni "shukrani" kidogo kwa mama, na chake cha usumbufu. Anaitaka yote kwa mara moja, tena leo, kwa sababu eti kuna mwingine anayengoja. Wengi waliokopa kwa pupa walikopa kwa ajili ya mtu wa namna hii.

Sheria inakataza kutoa au kupokea malipo ili mtoto aasiliwe, mbali na gharama zinazotambuliwa kisheria. Pia mipango ya kuasili haiwezi kuanza kabla mtoto hajafikisha wiki sita. Anayekuahidi kichanga moja kwa moja kutoka wodi ya kujifungulia anakuuzia kosa la jinai. Sheria ya kupambana na ulanguzi wa binadamu ya mwaka 2010 inataja kumwasili mtoto au kumtoa aasiliwe kwa nia ya ulanguzi, na adhabu ya ulanguzi ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua Sh milioni 30, au vyote viwili. Na hata usipokamatwa, pesa imepotea: bila karatasi za shirika hakuna amri ya mahakama, na bila amri, mama mzazi au jamaa zake wanaweza kuja miaka mitano baadaye na kumdai mtoto wao.

"Wakili ni bei moja, lipa au acha"

Ada ya wakili ndiyo inayoelekea kuwa mzigo mkubwa, na watu wanaogopa kuijadili kana kwamba ni sadaka. Ulizia mawakili watatu. Uliza kama unaweza kulipa kwa awamu: kitu wakati wa kufungua kesi, kitu siku ya kusikizwa, salio siku ya amri. Ada ya kufungua kesi mahakamani ni kitu tofauti, itengwe kwenye makubaliano yenu ya maandishi. Pia huhitaji wakili wa Nairobi na nauli zake. Kesi za kuasili zimekuwa zikisikizwa katika Mahakama Kuu zilizoko Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret. Asiye na uwezo kabisa aulize kuhusu msaada wa kisheria wa serikali ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2016.

"Mkopo wa simu ni mdogo, hauumi"

Fanya hesabu. Mkopo wa Sh50,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 unakugharimu Sh3,750 kila mwezi unapouzungusha. Mwaka ukiisha umelipa Sh45,000 za ada, na zile 50,000 bado unadaiwa. Ukizichukua pesa hizo hizo kwa Sacco, kwa asilimia moja kwa mwezi ya salio linalopungua, riba ya mwaka mzima ni Sh3,250. Ikibidi sana kukopa, basi iwe huko, na iwe kwa hatua ya mwisho tu, ya mahakamani, ukiwa tayari unajua unadaiwa kiasi gani.

"Tuite harambee"

Hapa natofautiana na wengi. Harambee ya hospitali au ya mazishi sina neno nayo. Lakini kesi ya kuasili husikizwa faraghani kwa sababu maalumu, na kundi la WhatsApp la watu mia mbili lenye kichwa "Tumsaidie dada yetu apate mtoto" litakuwa limemaliza faragha hiyo kabla jaji hajafungua faili. Mtoto huyo atakua katika kijiji hicho hicho. Zunguko la chama linatosha: zamu yako ikifika unachukua, na hakuna anayeuliza ni ya nini.

"Mtoto wa marehemu dada yangu lazima nimwasili"

Si lazima. Ulezi wa kisheria unakupa uwezo wa kumsomesha, kumtibu na kusimamia mali yake, kwa gharama ndogo na bila kukata uhusiano wake na upande wa baba. Kwa Waislamu sheria ya 2022 inatambua pia kafala, yaani malezi ya mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu.

"Itabidi nichukue likizo bila malipo"

Tangu mwaka 2021 Sheria ya Ajira inampa anayeasili likizo ya mwezi mmoja kwa mshahara kamili, kuanzia siku anapokabidhiwa mtoto. Mwajiri anapaswa kuarifiwa kwa maandishi siku 14 kabla, pamoja na makubaliano yako na shirika na idhini ambayo limekupa ya kumtoa mtoto makaoni. Tengeneza nakala za karatasi hizo mapema, kwa maana wengi huzikumbuka mtoto akiwa tayari mgongoni na meneja wa wafanyakazi hapokei simu.